Mzee wa Nyasi Hakuwa Akicheka

Kama unayo simu, Mzee wa Nyasi umeshamwona. Ni yule babu mwenye kofia nyeupe, macho kayafumba, kichwa kakirudisha nyuma, meno yote nje na mapengo mawili yanaonekana. Watu wanamtuma kwenye makundi ya simu mtu akisema jambo la kuchekesha. Shemeji yangu ananitumia. Fundi wa magari yangu ananitumia. Siku moja binti yangu naye alinitumia, nikamwambia asirudie, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba ni stika tu, dunia nzima inayo.

Dunia nzima inayo, kweli. Lakini mimi nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwenye sura ile siku picha ilipopigwa, na naandika haya kwa sababu nimechoka nayo. Yule mzee hakuwa akicheka.

Mimi sijasoma sana. Darasa la saba, basi. Wenye digrii zao watanisahihisha na mimi sitajali. Niliingia London na begi moja, nikasugua vyoo vya maofisi mpaka mikono ikanuka dawa hata nikiwa nakula, na leo nina van tatu za kuhamisha watu nyumba, jina langu limeandikwa ubavuni kwa herufi ambazo hata aliyesahau miwani atazisoma. Kwa hiyo nikisema najua watu, najua. Mtu humjui mpaka umbebee kabati. Hapo ndipo utaona kama anakupa maji, kama anakusimamia mgongoni, kama amekuficha kitu kizito chini ya nguo. Lakini Mzee wa Nyasi nimekaa naye kibaraza kimoja cha ghorofa huku Thamesmead miaka kumi na sita, mlango wake wa tatu kutoka kwangu, na bado alinizidi.

Alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani, sitaandika, kwa sababu hakuniambia. Nilimuuliza mara moja, akasema, "Kwani unataka kunitengenezea pasipoti?" Yakaishia hapo.

Kazi yake ilikuwa kutunza nyasi kwenye uwanja wa mazoezi wa timu moja kubwa ya hapa London. Timu siitaji, maana yeye mwenyewe hakuitaja. Alisema tu "kule kwenye nyasi." Kibaraza kizima tukamwita hivyo, Mzee wa Nyasi, mpaka Wanaijeria na Waghana wa juu wakawa wanamwita kwa Kiswahili bila kujua maana yake.

Na mpira wenyewe hakuupenda. Hapo ndipo alipoanza kunikera. Mtu anafanya kazi mahali ambapo watu wangetoa figo wapate kuchungulia, halafu mechi hatazami. Nilikuwa nikimwita kwangu Jumapili, televisheni yangu kubwa kuliko dirisha lake. Anakuja, anakunywa chai, anatazama chini ya skrini tu, pale kwenye miguu.

"Mzee, goli hilo," namwambia.

"Nimeona. Kang'oa bonge kubwa pale, na hakuna aliyerudi kulifunika."

"Uwanja mzima wameona goli, wewe umeona bonge la nyasi."

"Basi mimi na wao tumegawana kazi."

Alikuwa mpole, sauti yake usingeisikia na friji inafanya kazi. Lakini kwenye nyasi alikuwa mtu mwingine. Kaunsili, halmashauri ya hapa, walikuwa wanaleta vijana na mashine kukata nyasi za katikati ya maghorofa yetu, naye alikuwa anashuka ngazi na kanzu yake kuwafokea. "Mnanyoa," anawaambia kwa Kiingereza chake cha kazini. "Nyasi hainyolewi. Si kidevu." Wale vijana wanacheka, wanaendelea. Wakiondoka anabaki peke yake, anatembea taratibu anakandamiza kwa kisigino, kama mtu anayefukia kitu. Watoto hakuwaruhusu kucheza pale wakati wa mvua, na mpira waliouchezea nyasi zikikauka alikuwa kawanunulia yeye.

Alikuwa na msemo wake mmoja, akaurudia mpaka tukawa tunamwigiza: "Ukitaka kumjua mtu usimtazame usoni. Tazama alipokuwa amesimama." Mimi nilidhani ni maneno ya wazee. Kumbe alikuwa anasema kazi yake.

Sasa nije kwa Mjapani.

Alikuwa winga, na alipofika timu ile hapa hatukumjua. Kwao alikuwa kama mtoto wa kila nyumba. Akivaa soksi mpya ni habari, akila ndizi ni habari, na akiweka picha ya kiatu kitupu utakuta chini yake maandishi ya kwao yanashuka kama mvua. Binti yangu alinionyesha. Nilitembeza kidole mpaka nikachoka, maneno hayakwisha.

Kilichomfanya apendwe hata na wasiojua mpira ni video moja. Wenzake wamemaliza mazoezi wanakwenda kuoga, yeye kabaki uwanjani peke yake, anazunguka anarudisha vipande vya nyasi walivyong'oa kwa viatu, anavikanyaga kimoja kimoja. Mtu wa timu alimrekodi kwa siri, akaiweka mtandaoni. Kulipokucha kule kwao, video ilikuwa imeshazunguka nchi nzima. Kina mama wakawa wanaandika kwamba hivyo ndivyo mtoto anavyolelewa. Ikaja na huku, Waingereza nao wakasifu. Mimi mwenyewe, na ugumu wangu huu, ilinigusa. Nikatoka mbio na simu mpaka kwa Mzee.

"Mzee, umeona? Mjapani wenu anarudisha nyasi. Dunia nzima inamsifu."

Akaichukua simu, akainyoosha mbali na macho, akaitazama mara mbili.

"Anarudisha vibaya," akasema.

"Vibaya vipi?"

"Anakanyaga kwa vidole. Lile bonge unalivuta kwanza pembeni likutane, ndipo unakanyaga kwa kisigino. Hivyo anavyofanya linakufa siku ya tatu. Kila asubuhi nayarudia yote."

Nikabaki nimesimama pale mlangoni. Dunia nzima inalia kwa furaha, na huyu hapa ndiye anayerudia kazi kwa nyuma bila mtu kumpiga picha. Nikamwambia aseme basi, nimrekodi, video hiyo ingetembea. Akanirudishia simu yangu.

Baadaye alimfundisha. Aliniambia mkewe, yeye hasemi. Alimwendea Mjapani uwanjani, akachuchumaa, akamshika kifundo cha mguu kama fundi viatu, akamkanyagisha. Kiingereza cha yule kidogo, cha huyu kidogo, kwa hiyo hawakupoteza muda. Wiki hiyo ikatoka video nyingine. Nikaitazama kwa makini, na kweli, safari hii kisigino. Watu wasiohesabika wameona video zote mbili, na sijasoma hata mmoja aliyeandika kwamba mguu umebadilika.

Jambo la pili aliniambia yeye mwenyewe, siku moja tuko kwenye lifti imekwama. Alisema aliona kwenye nyasi kwamba Mjapani anautoroka mguu wa kulia. Alama za viatu upande huo zilikuwa nyepesi. Mtu alikuwa na maumivu na amewaficha makocha.

"Ukawaambia?" nikamuuliza.

"Nimwambie nani?"

"Kocha. Daktari. Wangekuheshimu, Mzee."

"Nilimwonyesha yeye. Nikamwonyesha alama, nikagusa goti langu. Akaelewa."

"Na asiposema?"

"Mguu ni wake. Mtu hasemewi mguu wake. Anasubiriwa."

Lifti ikaondoka. Nilimwona mjinga kidogo, nasema kweli.

Ila Mjapani baada ya hapo alikuwa akimwona kwa mbali anainama kwanza. Na mimi nikaanza kupiga hesabu zangu. Nilitaka picha moja tu. Mjapani kasimama ubavuni mwa van yangu, anatabasamu, basi. Sikuomba fulana wala tiketi. Picha ile ningeiweka mtandaoni na kila Mjapani anayehama nyumba London angenipigia mimi.

"Neno moja tu, Mzee. Wewe anakuinamia."

"Yule mtoto wa watu. Si bango."

"Sekunde mbili."

"Hata sekunde mbili, atakuwa bango."

Nilikasirika wiki nzima. Shikamoo nilikuwa naitoa kwa meno. Nimejijenga mwenyewe mimi, hakuna mlango niliofunguliwa, na huyu ana ufunguo mfukoni anaufanyia kazi ya kukunia mgongo.

Mkewe alikuwa kinyume chake. Mama, hivyo tulimwita, alikuwa msemaji. Akikuaga haondoki. Anasimama mlangoni mguu mmoja ndani mmoja kibarazani, anaanza habari mpya, mpaka chungu kiungue nyuma yake, na Mzee anamwita kutoka ndani, "Ama ingia ama toka." Alikuwa anachoma vitumbua kabla ya alfajiri, Mzee aende navyo kazini kwenye kopo la aiskrimu lililokwisha. Siku moja Mzee alimgawia Mjapani. Kopo likabaki kwa Mjapani, na kesho yake likarudi limeoshwa, na ndani lina biskuti za mchele zimefungwa moja moja kama dawa.

Sasa kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa mchuzi, bakuli utalirudisha hata na ndimu. Mama alipofungua lile kopo alikuja mpaka mlangoni kwangu kunionyesha.

"Huyu kafunzwa," akasema. "Nyie wa hapa mnanirudishia kopo hata mfuniko hamna."

Nilikuwa na makopo yake matatu jikoni kwangu siku hiyo.

Ikawa desturi. Vitumbua vinakwenda, biskuti zinarudi, au chai ya kijani, au samaki mkavu ambaye Mama alimtia kwenye nazi akasema hana makosa. Yeye na Mjapani hawakuonana hata siku moja, lakini alimtumia somo kupitia kwa mumewe: mtu akila anasema, "Mama, nimeshiba." Mzee alikuwa anarudi jioni na jibu. "Kasema kashiba." Mama anacheka, anasema, "Muongo, vitumbua vinne mtu hashibi."

Halafu Mama akafariki. Wiki moja tu hospitali. Mzee alirudi peke yake na begi lake la nguo.

Msiba ule niliubeba mimi, na sisemi kwa kujisifu. Mikeka, masufuria, majagi ya maji, hata wazee wawili kutoka Ilford, wote kwa van zangu. Wanawake walikaa fleti ya pili, sisi wanaume sebuleni kwa Mzee, mlango wazi, viatu vimejaa pale mlangoni. Mimi nilikaa chini ya dirisha, mgongo ukutani, imamu kushoto kwangu. Mzee alikuwa mbele yangu karibu na mlango, na tangu azike hakuwa ametoa chozi.

Siku ya pili mchana akaja Mjapani. Peke yake, suti nyeusi, hana mlinzi hana nani. Akainama pale mlangoni muda mrefu, nikadhani amedondosha kitu. Kisha akaingia, akakaa mkekani, magoti kayakunja vizuri kuliko sisi. Vijana waliokuwepo walimtambua, nyuso zikabadilika, lakini kwa heshima ya msiba hakuna aliyejitikisa.

Hakuna, isipokuwa mimi.

Asubuhi ile mdogo wangu wa Tanga alikuwa ameniandikia ujumbe wa kunikebehi. Kila siku ananikebehi huyo. "Kaka, miaka ishirini London, hata mchezaji wa akiba hujamwona." Na mchezaji huyu hapa, hatua nne. Nikaishika simu katikati ya magoti.

Mjapani akatoa kitu kwenye mfuko wa karatasi. Lile kopo. Kopo la mwisho, lililokwenda na vitumbua wiki ile Mama alipougua na halikuwa limerudi. Limeoshwa, ndani limejazwa. Akalishika kwa mikono miwili, akamwinamia Mzee, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mama, nimeshiba."

Hapo ndipo Mzee alipolia. Na kulia kwake ndiko kule: macho yamefumba, kichwa nyuma, meno yote nje, na hakuna sauti. Hata pumzi. Sebule nzima ikainamisha macho. Mimi nikabonyeza.

Nilituma kwa mtu mmoja tu. "Niko naye hapa. Umeona?" Sikuandika kwamba ni msiba. Mdogo wangu wala hakujua Mzee ni nani. Alikata pembeni, akabakiza Mjapani, kopo mikononi, na ile sura, akaiweka kwenye ukurasa wa mashabiki wa timu: Mjapani na babu yake wa Kiafrika.

Nilipotoka jioni nilikuta viatu vyangu vimegeuzwa, pua zinatazama nje, na ubavuni mwavyo zimepangwa ndala za kijani za kike, moja kamba yake imeshonwa kwa uzi mweusi. Nikadhani watoto wamechezea viatu. Nikazisukuma ndala kwa mguu, nikavaa vyangu, nikaenda zangu nimefurahi. Nimefurahi, ndiyo. Naandika kama ilivyokuwa.

Kesho yake picha ilikuwa imeshafika kwao Mjapani. Walimpenda zaidi, kama bado kulikuwa na nafasi. Wakasema tazama babu alivyofurahi kupewa zawadi. Wakaandika maneno ya kuchekesha juu ya kichwa chake. Kisha mtu akamkata Mjapani mwenyewe akabakiza sura tupu, na hiyo ndiyo ikawa stika, ikavuka bahari, ikaingia kwa Wabrazili, kwa Waturuki, ikarudi kwetu. Ikanifikia mimi mwenyewe kutoka kwa mtu wa Morogoro.

Nilimpigia mdogo wangu nikamfokea mpaka sauti ikakauka. Akafuta. Nikamwambia afute na kwenye simu, na mimi nikafuta kwangu, kila mahali, kama mwizi anayefagia nyayo. Lakini ni kufunga zizi na ng'ombe yuko mnadani.

Kazini kwa Mzee wenzake waliichapisha ile sura kubwa, wakaibandika kwenye banda la mashine. Kwa nia njema, walidhani anapendwa. Hakuibandua. Dukani mtoto alimwomba acheke kama kwenye simu. Akampapasa kichwa, akapita. Na mimi nikiona hivyo nataka kupasuka. Nilitaka aseme kitu. Anitukane basi, auite uongozi wa jumuiya, alalamike, niwe na mahali pa kuanzia.

Hata Mjapani alitaka kuandika ukweli kwa watu wake wote. Mzee alinieleza mwenyewe, anachochea sukari.

"Nimemkataza."

"Kwa nini, Mzee? Akiandika yeye wataacha kucheka siku hiyohiyo."

"Wataacha kucheka waanze kulia. Sitaki machozi ya watu nisiowajua juu ya mke wangu. Bora wacheke. Wanaocheka hawajui wanamcheka nani."

Nikajisemea, hapa hapa. Nikaweka kikombe chini. "Mzee, ile picha..."

"Kunywa, inapoa."

Mara tatu nilijaribu, miezi tofauti. Mara tatu chai inapoa. Mvua imekuwaje mwaka huu, kaunsili wamenyoa tena, binti yako hajambo. Nikawa narudi kwangu nimejaa, na nimejaa chai.

Mjapani hakudumu. Ule mguu ulimfunga hatimaye, wakamwuza nchi nyingine, na wale watu waliokuwa wanaandika kama mvua wakahamia kwa kijana mwingine mwenye nywele za rangi. Leo ukiwaonyesha stika, hawajui kama palikuwa na mikono, wala kopo, wala Mjapani. Kapita. Kicheko ambacho hakikuwa kicheko ndicho kimebaki.

Mwezi uliopita Mzee alinipigia. Amestaafu, magoti hayataki ngazi, na lifti yetu mnaijua. Kapewa fleti ndogo ya chini ng'ambo ya ziwa dogo la mtaa wetu, ina kipande cha nyasi mlangoni. Nilikuwa na vijana wawili wa kutuma, lakini nikaenda mwenyewe. Tukabeba magodoro, mabakuli, mkeka. Likabaki kabati la Mama. Nilikuwa nalizungushia kamba aliposema, kwa sauti ileile ya chini ya friji:

"Ile picha uliyopiga. Unayo nzima?"

Mikono ikasimama.

"Picha gani, Mzee?"

Akanitazama kama anavyotazama bonge lililokanyagwa kwa vidole.

"Aliyepiga alikuwa chini ya dirisha, imamu yuko kushoto kwake. Kwenye uwanja wa watu najua nani kasimama wapi, kwenye mkeka wangu nishindwe?"

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza waliponionyesha."

"Na umeninywesha chai muda wote huo."

"Ulikuwa unakuja. Mtu akija anapewa chai."

"Kwa nini hukusema?"

"Mguu ulikuwa wako," akasema.

Nikaanza kuomba radhi. Maneno niliyoyabeba tangu msiba, yakatoka yamepindana, mimi ninayeongea na wateja kutwa nzima. Akayapungia mkono kama anafukuza nzi. "Nimekuuliza picha. Nzima. Ile yenye mlango."

Ikabidi nimwambie. Nimeifuta. Ndugu yangu kaifuta. Nilisimamia mwenyewe ifutwe.

Akakaa juu ya sanduku.

"Mlangoni kuna nini, Mzee?"

Akanieleza taratibu. Kwao Mjapani, mgeni anageuziwa viatu vitazame nje, ili akitoka avae bila taabu. Siku ile alipoinama mlangoni alikuwa anavigeuza vya watu wote. Na ndala za Mama zilikuwa pale pale, hakuna aliyepata moyo wa kuziondoa. Siku ya tatu wanawake wakagawa sadaka nguo na viatu vyake vyote, na ndala zikaenda.

"Nilimpigia kumwuliza. Anasema aligeuza vyote, hajui vya nani ni vipi. Nami nilikuwa sioni siku ile." Akapangusa magoti yake. "Nataka kujua tu kama na mke wangu alimgeuzia. Kama aliagwa vizuri, kama mgeni. Au zilibaki zinatazama ndani."

Nikaiachia kamba.

"Za kijani," nikasema. "Moja kamba imeshonwa kwa uzi mweusi."

Akainua kichwa.

"Mimi niliishona."

"Zilikuwa ubavuni mwa viatu vyangu. Zilikuwa zinatazama nje, Mzee. Zote mbili, zimepangwa sawa."

"Una hakika?"

Ningeweza kuishia hapo. Lakini yule mtu nilikuwa nimeshamwibia kwa kunyamaza, nisingemwongezea.

"Nina hakika, kwa sababu nilizisukuma kwa mguu. Nilidhani watoto wamechezea viatu, nikazisukuma ukutani."

"Zikatazama wapi?"

Nikafumba macho nione. Mlango, viatu, mguu wangu na soksi.

"Moja ilibaki inatazama nje," nikasema. "Moja iligeuka ndani."

Kichwa chake kikarudi nyuma, macho yakafumba, meno yakatoka yote, yale mapengo mawili. Sura ileile ambayo dunia nzima inayo. Nikajua nimemuua. Halafu ikatoka sauti, nyembamba kwanza, kisha kubwa, mpaka kabati likawa linatetemeka pale alipoliegemea, na Mghana wa juu akachungulia ngazini.

"Ndiye huyo," alikuwa anasema, anajipangusa. "Ndiye huyo hasa. Mguu mmoja nje. Ama ingia ama toka, mwanamke."

Miaka kumi na sita, na sijawahi kumsikia akicheka. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, naisikia inanigonga kifuani. Niliiacha huko.

Alipomaliza alivaa kofia yake vizuri, akasimama, akashika kabati upande wa juu.

"Wewe shika chini," akasema. "Chini kuzito."